Mirunda ya Turubai

Mdogo wangu Luhende ana roho ngumu jamani, sijapata kuona. Nyumbani kwake, mtaa wa Pasiansi, alimwaga zege la ghorofa juu ya baraza na chumba cha mama yetu, ambaye magoti yamemshinda kupanda ngazi. Fundi akamwambia mirunda inayoshikilia zege isiguswe mpaka likomae. Wiki haijaisha, kaing'oa yote. Kisa? Sendoff ya kumuaga binti yake Precious anayeolewa, na turubai linataka miti ya kulisimamisha. Eti miti ipo, tuhangaike ya nini!

Nilipokwenda kumsaidia mkewe kupika, nikaona juu ya baraza ufa umekatiza ukuta hadi ukuta. Kesho yake siuoni. Kapiga plasta na rangi nyeupe! Nikamfuata na mwiko mkononi.

"Umeuficha, hujauziba."

"Dada, punguza maneno. Zege hilo ni jiwe sasa hivi."

Siku ya sherehe ufa ulikuwa umeshatokeza tena kwenye rangi, na vumbi la plasta linamdondokea mama kwenye kitenge. Na Luhende huyo, shati linang'aa, anawapanga wakwe hapohapo barazani, penye kivuli, ndiyo heshima! Damu ilinichemka.

"Luhende," nikasema, wote wasikie, "kama ni jiwe, njoo ukae hapa na mama."

Akacheka, akaketi. Zege juu likalia kah! Kicheko kikamwishia mdomoni. Akainua macho, akasimama, akabeba kiti chake mpaka juani. Kiti chake! Kamwacha mama palepale.

"Kumbe ulikuwa unajua," mama akasema taratibu. "Mwanangu, ulikuwa unajua."

Sikusubiri. Nikamshika mama mkono, nikawatoa wakwe wote barazani, kisha nikaenda kufungua kamba za turubai. Mshereheshaji anapiga kelele kwenye kipaza sauti, turubai linawalalia wageni na keki yao. Liwalalie tu! Nikang'oa mrunda mmoja, ulikuwa mzito. Precious akaja na gauni lake refu, akashika upande wa pili, tukaubeba kuelekea barazani ukalishikilie tena zege. Baba yake akasimama mlangoni pa chumba cha mama, akatuzuia.

"Precious, unaniaibisha mbele ya wakwe zangu."

"Baba," mtoto akasema, machozi yanamtiririka kwenye poda, "bibi analala humu. Pisha."

Akapisha.