Moyo Uliojifanya Mpole

Jina la Kiraka alibandikwa na dada yake, na nyumbani hakuna aliyemtetea. Alizaliwa na tundu moyoni. Utotoni madaktari wakaliziba kwa kiraka. Sasa ni mtu mzima mwenye ndevu, dereva wa kreni ya kunyanyulia vyuma kwenye maghorofa. Shida ni kwamba kovu la upasuaji ule lilianza kuupotosha umeme wa moyo. Ghafla mapigo yanakwenda mbio, macho yanaingia giza. Kazini wakamshusha: hapandi tena mpaka atibiwe.

Daktari, mama mmoja asiyecheka ovyo, alimweleza kazi yake. Angepitisha waya mwembamba kwenye mshipa wa paja hadi moyoni, auchokoze moyo uanze fujo, aone inapotokea, apaunguze hapo. Basi Kiraka aviache mapema vidonge vyake vya kutuliza mapigo, la sivyo moyo hautachokozeka.

Mama yake Kiraka hakuafiki. Moyo ule kaulea yeye kwa mikono yake, leo upelekwe kwa wageni ukirukaruka kama mbuzi aliyekata kamba?

"Utanitia aibu. Meza."

Na huyo mbabe wa kreni akameza.

Siku yenyewe daktari aliuchokoza kwa umeme, akauchokoza kwa dawa. Moyo kimya, adabu tele, kama mtoto aliyeahidiwa peremende. Bila fujo hakuna pa kuunguza. Daktari akamwinamia, akamuuliza kama vidonge aliacha kweli. Kiraka akaikodolea macho dari.

"Nilimeza. Mama alisema."

"Na hizo ndevu zote?"

Wakaahirisha. Safari hii mama mwenyewe, alipoelezwa kwamba fujo ndiyo iliyotakiwa, alivifungia vidonge kabatini, ufunguo akauning'iniza shingoni, na kila asubuhi akamuuliza mwanawe kama moyo umeshaanza utundu, maana wanasubiriwa.

Siku ilipofika, moyo ulipoguswa tu, ukalipuka. Kiraka aliusikia ukimpanda kooni, akadhani ndiyo basi. Daktari akatabasamu kwa mara ya kwanza. "Nimekupata," aliuambia moyo; fujo ilitokea pembeni kabisa mwa kile kiraka. Akaunguza. Mapigo yakashuka, yakanyooka. Akachokoza tena na tena. Safari hii ukakaa kimya bila kidonge chochote.

Alipotolewa kwa kitanda cha magurudumu, tayari ameambiwa kidonda kikipona na vipimo vikikubali atapanda kreni yake, Kiraka alimkuta mama yake amelishika benchi zima la wagonjwa kwa maneno, kifua mbele.

"Moyo umefanya fujo vilevile walivyotaka," alikuwa akiwaeleza. "Haukubakiza. Mwanangu huyo anakuja."