Malazi ya Njia ya Songea

Bi Zainabu alitaka kitu kimoja tu: kufika Songea kabla bintiye Asha hajajifungua. Ilikuwa mimba ya kwanza, na barua ya Asha ilisema zimebaki siku kumi. Gaudensi, dereva wa lori la chumvi, alikubali kumpitia Mpapura Alhamisi. Njiani siku tatu.

Ila safari haipangwi bila kaka mkubwa. Ismaili alikuja, akaketi, akachora njia mchangani kwa kijiti.

"Newala utalala kwa mama mdogo. Kule juu maji ni ya shida, mpelekee madebe mawili."

"Usiku mmoja, kaka."

"Usiku mmoja hulala mahabusu. Ndugu hulala mitatu. Masasi kwa Rashidi, mitatu. Tunduru kwa watani zetu Wayao, mitatu. Ukiwapita watakutangazia matanga u mzima. Huko jua likizama usitoke, kuna simba. Songea ni baridi, hata bismillahi hukatika mdomoni. Chukua blanketi."

"Kwani umefika Songea?"

"Nimesimuliwa na waliofika."

Zainabu akahesabu kwa vidole. Kwa mwendo huo angemkuta mjukuu keshanyolewa nywele.

"Nina siku za Ramadhani za kulipa," akasema. "Nitafunga njiani, wasihangaike kunipikia."

"Vyema. Utafuturu kwao."

Zainabu akamenya muhogo mzima.

"Nikiwapita, ukoo utamlaumu nani?"

"Mimi. Watasema sikukufunza adabu."

"Na Asha akijifungua bila mama yake, ukoo utamuuliza nani?"

Ismaili akakuna shingo. "Mimi tena. Si ndiye mjomba wake?"

"Basi lawama zote mbili ni zako, kaka. Chagua iliyo nyepesi."

Ismaili akaandika barua tatu: yeye, mjomba mtu, amemkataza dada yake kulala popote. Gaudensi alizikabidhi njiani bila kuzima injini. Zainabu alisalimia kutoka juu ya magunia, hakushuka.

Alifika siku mbili kabla ya mtoto.

Mtoto alipotimiza wiki mbili, ikaja barua ya Ismaili. Mama mdogo wa Newala amekuja kumlaumu yeye kwa ile barua ya kukataza. Rashidi kafuata. Watani wa Tunduru wamekuja sita, nao wanacheka mpaka usiku. Shamba la muhogo la mbele limekwisha, sasa wameingia la nyuma. Dada arudi upesi awatulize.

Bi Zainabu akavuta blanketi, akamwambia Asha amjibu mjomba wake kwa heshima zote kwamba mzazi haachwi kabla ya arobaini.