Sifuri ya Mwalimu Kaczmarek

Kocha Haldane aliingia kwenye ukumbi wa mazoezi wa shule na tabasamu la muuza magari chakavu. Chuo chake cha maafisa wa jeshi kilimtaka Tucker Boggs, mwanafunzi wa hapo, mcheza mpira wa Kimarekani mwenye kilo mia na arobaini. Ilibaki fomu ya mtihani wa viungo tu, na kwa desturi yao mwalimu wa michezo wa shuleni ndiye husimamia, huhesabu na kutia sahihi. Hapo, mwalimu alikuwa Yvonne Kaczmarek.

Tucker alidandia chuma cha kujivuta juu, akatetemeka, akaanguka puu. Hakujivuta hata mara moja.

"Andika sita, dada'ngu," kocha alinong'ona.

"Dada yako nani? Sijaona hata moja."

"Wewe nawe! Nchi nzima wanaandika."

"Basi ipeleke fomu yako huko nchi nzima."

"Mwache, Kocha," Tucker alisema, uso umemwiva. "Sijaweza."

Yvonne akaandika sifuri, akaikoleza kwa kalamu. Mwezi uliotangulia alikuwa amempima Maribel Ostrander, wa kwanza darasani, aliyekitamani chuo hichohicho tangu utotoni. Maribel alizidisha muda uliowekwa kwa sekunde nane kwenye mbio za maili moja, akalia zipunguzwe. Yvonne alikataa katakata, akamwambia kule wanasoma kila tarakimu. Barua ya kumkataa ilitaja mbio hizo.

Aprili, simu ikalia. "Mwalimu, Tucker kapata nafasi! Ahsante kwa fomu."

"Kapataje? Niliandika sifuri!"

"Ungeandika hata jina la mbwa wako." Haldane alicheka. "Sisi tulitaka sahihi tu. Faili za wachezaji wetu zina mlango wake."

Yvonne alikata simu. Kocha alimchefua, chuo kilimchefua, lakini zaidi alijichukia mwenyewe, alivyoikoleza ile sifuri akijiona shujaa, kumbe kamhudumia yule mtu kikamilifu. Alitamani kunawa mikono.

Alimkuta Maribel kantini anakula viazi vya kukaanga, akamweleza yote bila kuficha. Msichana alisikiliza, akasukuma sahani kando.

"Kwa hiyo, Mwalimu, fomu iliyosomwa ni yangu tu?"

"Yako tu," Yvonne alijibu.