Mkeo Hawezi

Mambo yaliharibika Jumanne, tarehe kumi na nne Agosti, mwaka wa 1956, saa nne hivi za asubuhi. Muthoka alikuwa amechuchumaa nyuma ya nyumba ya likizo huko Likoni, anaparua magamba ya samaki aina ya changu. Wala hakujua kwamba yameharibika. Alidhani amenyimwa tu raha yake, na hilo halikuwa geni: alikuwa mpishi wa wazungu tangu ujana, na raha alizonyimwa zingejaza gunia la kahawa.

Bwana Kelsi alikuja mwenyewe mpaka pale nyuma, karatasi mkononi.

"Muthoka, telegramu yako. Imetoka Thika."

"Nisomee, bwana. Mikono yangu ni samaki tupu."

Bwana akaikunjua, akaipitishia macho. "Mkeo hawezi."

"Halafu?"

"Halafu Kisilu. Ndilo jina la aliyeituma. Basi, imekwisha." Akaiweka juu ya kibao, kando ya magamba, akarudi barazani. Alipofika mlangoni akasimama kidogo, kisha akageuka. "Usisahau wageni wa Jumamosi. Wanataka kamba mawe."

Muthoka alifuta mikono akaitazama karatasi. Alikuwa amesoma mpaka darasa la pili, na maneno mawili hayakumshinda. *Mkeo hawezi.* Akacheka kwa pua. Kumbe serikali imemnyima Wakonyo pasi.

Maana jambo lenyewe lilikuwa hivi. Kila Agosti Bwana Kelsi aliifunga nyumba yake ya shamba la kahawa pale Ruiru, akateremka pwani wiki tatu na familia yake na mpishi wake. Huu ulikuwa mwaka wa tisa. Muthoka, Mkamba wa bara ambaye samaki alimjua kwa mkebe tu, alijifunza Likoni kumfungua samaki matamvua na kutazama kama ni mekundu, kumbonyeza mgongoni kama nyama inarudi, kukamua tui la kwanza na la pili. Akirudi Ruiru, mkewe alimsimamisha mlangoni. Wakonyo alikuwa Mkikuyu, na kwao samaki hakuwa chakula, alikuwa mdudu.

"Wewe Mukamba," alikuwa akisema, "nenda kwanza uoge. Umelala na nyoka za maji wiki tatu, halafu unataka kulala na mimi?"

Lakini mwaka ule ni yeye aliyesema anataka kwenda. Alikuwa amechoka na hali ya hatari, amechoka kuchimba handaki la serikali bila mshahara, amechoka kuulizwa kipande cha kitambulisho hata akienda kuteka maji. "Nataka kuona maji ambayo hakuna mtu ameyazungushia seng'enge," alisema. "Samaki sitakula. Nitakaa tu nitazame."

Bwana alikubali aje wiki ya pili. Ilibaki ruhusa ya kusafiri, maana Mkikuyu hakupanda treni ya Mombasa bila karatasi ya mkubwa fulani, na mkubwa huyo hakuwa na haraka. Kisilu, jirani yao katika nyumba za vibarua, aliahidi kwamba jibu likitoka atapiga simu ya maandishi. Muthoka alikuwa ameshamtandikia mkeka wa pili katika kile chumba cha boi. Alikuwa ameshachagua hata samaki, tasi wadogo, wa kupaka tui na ndimu. Labda Wakonyo angeonja kwa kusahau.

Basi Jumanne hiyo akaukunja mkeka, akautupa nyuma ya mlango.

Jumatano hakusema na mtu. Alhamisi alimlaani chifu, akamlaani karani wa chifu, akailaani serikali kuanzia gavana mpaka askari wa mlangoni. Kisha, na hili ndilo lililokuja kumla baadaye, akaanza kumlaumu Wakonyo mwenyewe. Si angemwomba yule mkubwa kwa upole? Lakini mdomo ule! Bila shaka alimjibu vibaya. Memsahib, mke wa Bwana Kelsi, alimwuliza kama anataka kutuma jibu, kwa kuwa dereva alikuwa anapitia posta.

"Nijibu nini, memsahib? Hawezi, hawezi. Wacha akae huko."

Ijumaa alipika kaa kwa pilipili manga, wakamsifu.

Jumamosi alfajiri alivuka feri na kapu lake, akaenda soko la samaki la mjini kutafuta kamba mawe, wale wakubwa wa miba mgongoni. Alikuwa na mwuzaji wake pale, Mbajuni mmoja aitwaye Fumo, mtu wa maneno mengi na vidole vitatu mkono wa kushoto.

"Yuwaja Mkamba kununua kamba!" Fumo alipiga kelele soko zima lisikie. "Nyie, tazameni! Leo wataka kuwala nduguzo wangapi?"

"Sita. Na nataka wazima, sitaki wa jana."

"Wa jana mimi nampa nani?" Fumo akamnyanyua mmoja, yule mdudu akajikunja mkia pap, akarusha maji. "Huyu yu hai kuliko wewe. Mbona uso umekunjana hivyo? Na yule bibi yako wa kuja kuona bahari, hajaja?"

"Hawezi."

Fumo akamrudisha kamba kwenye jamanda polepole. Mzaha wote ulimtoka usoni. "Pole, ndugu yangu. Pole sana. Hawezi nini? Homa?"

"Homa gani? Hawezi kuja. Amenyimwa pasi."

"Nani kakwambia kanyimwa pasi?"

"Telegramu. Imesema mkeo hawezi."

"Imesema hawezi kuja?"

"Imesema mkeo hawezi, basi."

Mwanamke aliyekuwa akiuza pweza meza ya pili akageuka kutazama. Fumo akajipangusa mikono kwenye kikoi.

"Sikiza, Muthoka. Nyinyi wa bara mwasema vyenu. Huku kwetu mtu akisema fulani hawezi, basi ni mgonjwa. Ndivyo tusemavyo tangu mababu. Mimi mamangu hawezi, sendi baharini. Maana yake nini? Mgonjwa! Aliyeiandika simu ni mtu wa wapi?"

"Thika. Wa Thika hawasemi hivyo."

"Thika hakuna Mswahili?"

Muthoka akalishusha kapu. Alimkumbuka Mzee Shee, Mswahili wa kisiwa cha Pate, aliyekaa na meza yake chini ya kibaraza karibu na stesheni ya Thika, akiwaandikia barua wasiojua kuandika. Kisilu hakujua hata alif.

"Lakini bwana ndiye alinisomea," alisema, kama mtu anayejitetea mahakamani. "Angeniambia."

"Bwana yupi? Yule mrefu wa masharubu, huja hapa siku nyingine kuchagua nguru mwenyewe?" Fumo akatazama pembeni, akashusha sauti. "Yule alikaa Amu, nyinyi mwaita Lamu, miaka sita, forodhani, kabla hajaenda kwenu kulima kahawa. Amfahamu babangu. Yule Kiswahili chake, ukifumba macho, wadhani ni shemeji yangu."

Muthoka hakukumbuka alivyorudi ferini. Kapu lilikuwa mkononi, na ndani yake kamba sita wakikwaruzana.

Bwana Kelsi alikuwa barazani akinywa chai. Muthoka alisimama mbele yake bila kuvua kofia, jambo ambalo hakuwahi kulifanya miaka yote.

"Bwana, mke wangu ni mgonjwa. Nataka kwenda."

"Nani amesema?"

"Telegramu. Bwana, hawezi maana yake nini?"

Bwana akatia sukari, akakoroga. "Maana yake hawezi."

"Hawezi kuja, ama ni mgonjwa?"

"Mimi nilisoma kilichoandikwa, Muthoka. Sikukificha." Akatazama saa. "Treni ni ya jioni. Huwezi kupanda treni ambayo haijaja. Wageni wanakula saa saba. Ukimaliza, dereva atakupeleka stesheni."

Na kweli, treni ilikuwa ya jioni. Hapo ndipo wakubwa walipomweza siku zote: neno lao huwa na ukweli ndani yake, kama mfupa ndani ya samaki. Muthoka alichemsha maji, akatia chumvi, akawatia wale kamba mmoja mmoja, akawasikiliza wakigonga mfuniko. Aliyeyusha siagi. Alikata ndimu. Mgeni mmoja, mkubwa wa mambo ya kahawa, aliingia jikoni kumpa mkono. Muthoka akampa kiwiko, kwa kuwa vidole vilikuwa na mafuta.

Jumapili saa sita mchana alikuwa Thika, katika hospitali aliyoelekezwa na vibarua wa Ruiru. Muuguzi alipekua daftari lake, akarudi nyuma ukurasa mmoja, kisha mwingine.

"Wakonyo wa Ruiru? Wewe ni nani yake?"

"Mume."

"Huyo alisema ana mume. Tulingoja." Akafunga daftari. "Alifariki Alhamisi. Alizikwa jana, ndugu za kwao hawakupata ruhusa kutoka kijijini kuja kumchukua."

Ulikuwa ugonjwa wa mapafu. Alilowa mvua kwenye kazi ya handaki, akalala na homa siku mbili, siku ya tatu Kisilu na wenzake wakamtia kwenye lori la maziwa. Kisilu alimweleza hayo wakiwa wamekaa kwenye ukingo wa mtaro nje ya hospitali, maana pa kukaa pengine hapakuwa.

"Nilimwambia yule mzee aandike mgonjwa sana, mgonjwa sana," Kisilu alisema. "Akaniambia, mwanangu, mgonjwa sana ni neno la kumwua mtu wa safarini, andika hawezi, ni hilo hilo, na lina adabu. Mimi nitabishana na mtu wa kalamu?"

"Hukukosa, Kisilu."

"Kila jioni nikienda, ananiuliza, Mukamba amejibu? Namwambia simu zimejaa. Jumatano nikamdanganya, nikasema umejibu, uko njiani. Akaniambia nikuambie ukifika uoge kwanza."

Muthoka alitoa sauti ambayo Kisilu hakujua kama ni kicheko. Kisha akainama, akashika nyasi, akakaa hivyo mpaka kengele ya hospitali ikalia ya kuwaondoa wageni.

Mzee Shee hakukimbia. Muthoka alimkuta mezani kwake, naye mzee akamsikiliza mpaka mwisho, akavua miwani.

"Niliandika Kiswahili safi, mwanangu," alisema. "Nilidhani atakayekusomea ni mjuzi. Kumbe nani alikusomea?"

Muthoka akashika njia ya Ruiru.

Alikaa siku kumi na moja katika chumba chao cha Ruiru. Watu walikuja, wakasema wanayosema watu. Wengine walisema ni mapenzi ya Mungu, na mzee wa kanisa akasema aisamehe serikali, maana na yenyewe ina shida zake. Muthoka akamwonyesha mlango. Hakupika kitu. Aliletewa uji, akanywa au hakunywa. Mikono yake ilikuwa bado na harufu ya pwani, na hakuiosha.

Familia ya Bwana Kelsi ilirudi mwisho wa mwezi. Memsahib alilia kweli, akamshika bega. Bwana alimwita ofisini kesho yake, akasema amesikitika, akasema shamba litamlipia mawe ya kaburi, na kwamba kama hataki tena kazi ataelewa; ameshamwandikia barua nzuri, popote atakapokwenda ataajiriwa. Akamsomea, kwa Kiingereza kwanza, kisha kwa Kiswahili, ili asije akasema hakuelewa. Mpishi mwaminifu. Hana mfano kwa samaki na vyote vya baharini.

Kiswahili chake kilikuwa kizuri. Muthoka alikuwa akikisikia miaka tisa, na leo ndiyo mara ya kwanza alikisikiliza: jinsi alivyolaza maneno, jinsi alivyosema *mtu huyu naye ajua kazi yake*, siyo kama watu wa Ruiru wanavyosema, siyo kama wazungu wengine wanavyosema.

Akaikataa barua kwa mkono.

"Bwana," alisema, "sitaki mawe ya kaburi, na barua hiyo weka. Nataka neno moja tu. Ile Jumanne ulipokuja nyuma na telegramu."

Bwana akachukua kalamu, akaifunika kifuniko, akaifunua.

"Uliisoma kwa macho kabla hujanisomea kwa mdomo. Nilikuona. Ulisimama pale mlangoni kidogo, halafu ndipo ukanitajia wageni."

Dirisha lilikuwa wazi, na kule nje vibarua walikuwa wakipita na ndoo zao kwenda kwenye kahawa. Mmoja akaita jina la Muthoka kumsalimu, kisha akaona uso wake, akajiendea.

"Ulijua, bwana, ama hukujua?"