Miguu ya Watu

Kazi yake ilikuwa kuuza viatu, na duka zima lilikuwa na benchi moja, la wateja. Stuli ya wauzaji bosi aliiondoa mwenyewe, akaitupa stoo. "Mteja akikukuta umekaa, ataona duka limelala." Yeye bosi alikuwa na kiti chake chenye mto, lakini hicho, nadhani, hakikuwa na usingizi.

Basi binti wa watu alisimama kutwa, akipumzika pale tu alipopiga magoti kumvalisha mtu kiatu. Miguu ya watu aliijua: yenye visigino vilivyopasuka, na ile inayodai saizi ndogo huku vidole vinalia. Yake mwenyewe, ikifika jioni, ilikuwa imeumuka kama unga wenye hamira.

Nyumbani alikuwepo mama yake, mgonjwa wa moyo, aliyebakiwa na pumzi za utani tu. Kila jioni binti aliahidi watapiga soga. Kila jioni usingizi ulimkuta na kijiko mkononi.

"Umerudi, mwanangu?"

"Nimerudi, mama."

"Nani anajibu? Naona mwili tu, mwenyewe bado yuko dukani."

Daktari alishawaambia wakae karibu naye, siku si nyingi. Jumapili, duka lilipofungwa mchana, binti akaja mbio, akajitupa ukingoni mwa kitanda.

"Leo silali. Nihadithie ulivyokutana na baba."

"Nimsengenye marehemu mbele ya macho mekundu hivyo? Lala kidogo, nitakuamsha."

"Kweli utaniamsha?"

"Nimewahi kukudanganya?"

"Kila siku!"

"Basi umeshazoea."

Wakalala mzungu wa nne, miguu ya binti kifuani kwa mama, na mama akaanza kuikanda, taratibu, kidole kwa kidole. Binti alikusudia kufumba macho tu.

Alipoyafumbua, chumba kilikuwa kimeingia giza. Mikono ya mama bado ilikuwa imeishika miguu yake. Ilikuwa ya baridi.

"Hakuniamsha," alimlilia mama yake mdogo, aliyekuwa akiishi chumba cha pili.

Mama mdogo akajifuta uso kwa ncha ya kanga. "Niliingia, mwanangu. Nikasikia pumzi inamkatika, nikakunyooshea mkono nikuamshe. Akanitolea macho: 'Ole wako! Huyu kasimama wiki nzima.' Dada yangu huyo, nani alimweza?"

Baada ya maziko binti alirudi kazini. Bosi alikuwa ameitoa stuli stoo, kaifuta vumbi kwa mkono wake.

"Pole sana. Kaa. Leo tu, lakini."

Kabla hajakaa, akaingia mteja, mwanamke mtu mzima, akaketi benchini na kuvua ndala. Binti akapiga magoti. Akaushika ule mguu kwa mikono miwili, ukiwa na vumbi lake na joto lake, akainamisha kichwa.

Mteja akasubiri. Akasubiri tena.

"Mwanangu," akamwambia polepole, "kiatu hujaleta."