Waliokuwa Wakingoja Gari Nyalaja

Watu tisa waliachwa katika Korongo la Nyalaja siku ya operesheni ya kuhamia vijijini, mwezi wa tisa mwaka 1974, na wote tisa walikufa kabla mvua hazijaanza. Miaka miwili baadaye walikuwa bado wamekaa juu ya mizigo yao, pale kwenye kona ya pili, wakingoja gari. Mmoja wao alikuwa Milembe, mama yake Jilala.

Jilala alikuwa mwongozaji wa matembezi katika korongo hilo. Watu walipokwisha kuhamishiwa kijiji kipya, ofisi iliona korongo limebaki tupu na lina sura nzuri, kuta nyekundu ndefu kuliko mnara wa kanisa na mchanga mweupe chini, basi likatengwa kwa matembezi ya siku moja ya wafanyakazi na wageni wa Chama. Nyumba zilikuwa zimeshachomwa. Visima vya mchangani vilikuwa vimefukiwa kwa mawe ili mtu asipate sababu ya kurudi. Aliyezaliwa humo hakuruhusiwa kuingia bila kibali, na ndiyo maana Jilala aliomba ile kazi. Kila Jumamosi ya pili alipata kukaa na mama yake kiasi cha dakika kumi, wakati wageni wakivua viatu na kupumua.

Alikuwa amemwomba mara nyingi atoke kwa miguu. Milembe hakutaka.

"Aliyetuambia tungoje ndiye aje atuambie twende," alisema. "Mimi si mtu wa kuzurura."

Jumamosi hiyo Jilala alifika mdomoni mwa korongo saa kumi na mbili na nusu asubuhi akiwa na vibuyu viwili vya maji badala ya kimoja, na michembe ya kutosha, viazi vilivyokaushwa, mfukoni. Siku tatu kabla alikuwa ameona orodha ya wageni. Jina la kwanza lilikuwa la Ndugu Athanasi, yule aliyesimamia operesheni.

Mdomoni palilazwa gogo, na kando ya gogo alikaa Mtoro, mgambo, na daftari lake. Kazi ya Mtoro ilikuwa moja. Aliandika idadi ya walioingia asubuhi, akaandika idadi ya waliotoka jioni, na hizo mbili zilipaswa kulingana. Mwaka uliopita mzee mmoja wa Nyalaja alijificha ndani ya kundi akarudi kuishi kwake, ikawa kesi. Tangu hapo hesabu haikuwa na mchezo.

"Wageni kumi na mmoja na mwongozaji," alisema Mtoro. "Kumi na wawili. Piteni, ndugu zangu, na msilewe jua."

Jilala aliongoza kwa kutembea nyuma, kama anavyotembea mtu mwenye ng'ombe. Aliyekuwa mbele alisikia tu sauti yake ikisema shika kushoto, ruka jiwe, hapo mchanga ni laini. Wageni wengi walilizoea hilo baada ya kona ya kwanza. Mektilda, karani wa kupiga chapa, hakulizoea.

"Jilala, unatuchunga?"

"Nawachunga, dada."

"Basi usinichape. Viatu hivi vimeshanichapa vya kutosha."

"Ng'ombe wangu hawajawahi kuja na visigino," alisema Jilala, na wote wakacheka, hata Ndugu Athanasi, aliyekuwa mbele kabisa na jalada kwapani, maana hakuwa mtu wa kwenda mahali bila jalada.

Saa tano joto lilianza kutoka kwenye kuta zenyewe. Pimbi walikuwa wamelala kwenye nyufa. Walipofika kona ya pili waliwakuta wale tisa kwenye kivuli, wamejipanga mstari mmoja kama walivyopangwa siku ile. Wageni walikaa upande wa pili wa kivuli. Mmoja akaomba kiberiti kwa mzee Mashimba, ambaye alikuwa na jogoo mapajani, na Mashimba akajibu kwamba kiberiti chake kiliisha alipokuwa hai.

"Wadila, mayu," Jilala alimsalimu mama yake.

"Wadila, ng'wanawane. Umekonda."

Milembe alikuwa amejitanda kanga begani upande wa kushoto. Mkono wa upande huo ulikuwa umeliwa na fisi hadi kwenye kiwiko, na hakupenda wageni wauone.

Jilala alimwendea Ndugu Athanasi, akavua kofia.

"Ndugu, hawa ndio wale wa Nyalaja. Uliwaambia wangoje gari. Naomba uwaambie sasa waende kwa miguu. Neno moja tu. Hawatamsikia mtu mwingine."

Ndugu Athanasi aliwatazama mmoja mmoja. Kisha alifungua jalada, akalamba kidole, akafunua kurasa.

"Nyalaja," alisema. "Watu mia mbili na kumi na wanne. Waliohama, mia mbili na kumi na wanne. Asilimia mia kwa mia. Ninyi mmeshahama."

"Tuko hapa," alisema mzee Mashimba.

"Naona mko hapa, mzee wangu. Lakini siwezi kumhamisha mtu aliyekwisha kuhama. Nitaandika nini?"

Mashimba alifikiri, akaona ni kweli. "Basi likija, liwe gari kubwa," alisema. "Jogoo wangu hapendi kubanwa."

Ndugu Athanasi alimgeukia Milembe, labda kwa sababu yeye ndiye aliyekuwa karibu. "Mama, kwani ilikuwaje wewe ukabaki? Wazee tulisema wapande kwanza."

"Nilipanda," alisema Milembe. "Nilikaa vizuri kabisa, nyuma ya dereva. Nikashushwa ili magunia yapande. Magunia matatu ya pamba."

"Nani alikushusha?"

Milembe alianza kufungua fundo la mzigo wake kwa mkono mmoja na meno, kisha akalifunga upya. Mektilda, aliyekuwa akitafuna mchembe, aliacha kutafuna.

"Mimi," alisema Jilala.

Jogoo alijikung'uta.

"Balozi wa nyumba kumi alisema atakayeacha pamba nyuma ni mhujumu," alisema Jilala. "Nikaona pamba ikilala nje itanyeshewa. Nikaona mtu mzima anaweza kungoja kivulini. Nikamshika kwapani nikamshusha. Alikuwa mwepesi."

"Mama yako mzazi?" aliuliza Mektilda.

"Ndiyo, dada."

"Kwa pamba?"

"Kwa pamba."

Mektilda alisogea mbali naye, akaenda kukaa karibu na Mashimba. Lakini Ndugu Athanasi alifunga jalada, na ilionekana kifua chake kimepata nafasi.

"Basi hili halihusu operesheni," alisema. "Hili ni suala la familia. Ninyi wenyewe mtalimaliza."

"Na wale wanane?" aliuliza Jilala.

"Nao wana familia zao."

Aliangalia saa, akasema matembezi yaendelee.

Walikwenda hadi mwisho wa korongo, wakala, wakapiga picha, wakageuka. Waliporudi kwenye kona ya pili Jilala alichuchumaa mbele ya mama yake, akampa mgongo.

"Panda, mayu. Si kwa miguu yako. Niliyekushusha ndiye ninayekupandisha."

Milembe alilipima hilo, akaona halivunji amri ya mtu yeyote. Alipanda. Jilala alisimama akishika ukuta. Mama yake alikuwa na uzito wa magunia matatu ya pamba iliyoshindiliwa vizuri, hakuzidi wala hakupungua. Jilala aliujua uzito ule kwa sababu aliwahi kuupakia mwenyewe.

Alitembea nyuma ya kundi kama kawaida. Safari hii hakusema shika kushoto wala ruka jiwe. Mara mbili alianguka kifudifudi mchangani na mara mbili aliinuka. Hakuna aliyemsaidia. Mtu mmoja alichukua vibuyu, akaviona ni vitupu, akamrudishia.

Saa kumi na moja walifika kwenye gogo. Mtoro alihesabu kwa kalamu akielekeza kila kichwa.

"Kumi na watatu."

"Huyu ni mama yangu," alisema Jilala, akimshusha.

"Namjua mama yako. Tumesalimiana sana. Lakini waliingia kumi na wawili."

Wote walimtazama Ndugu Athanasi. Alikuwa akifuta miwani.

"Hesabu ni hesabu," alisema. "Mmoja arudi."

Milembe hakukasirika. Alirekebisha kanga yake begani, akageuka kuelekea ndani. Jilala alimshika mkono wa kulia, akamrudisha, akampitisha upande wa pili wa gogo. Yeye mwenyewe hakulivuka.

"Hesabu tena," alimwambia Mtoro.

Mtoro alihesabu. Walikuwa kumi na wawili. Aliandika, akapiga mstari chini yake, akafunga daftari.

"Wewe kaa kivulini, ng'wanawane," Milembe alisema kutoka upande wa pili. "Nitawaambia waje na gari."

Alisema hivyo kwa moyo mweupe, na lori la ofisi likaondoka naye, amekaa nyuma ya dereva.

Jilala alirudi hadi kona ya pili akakaa juu ya mzigo wa mama yake, kati ya Mashimba na bibi mmoja kipofu. Angeweza kupanda ule ukuta wa mashariki wanakopanda pimbi. Hakupanda. Alikuwa amekaa nafasi ya mtu, na nafasi ikiachwa wazi Mtoro angemfuata mwenye nafasi, Milembe, kule kijijini. Alikufa kwa kiu Jumatano, kama saa nane mchana. Mashimba alimwazima jogoo amshike kidogo ili apate cha kufanya na mikono.

Kijijini, Milembe alifika kwa Justina, mke wa Jilala, wakati wa kufungia mbuzi. Justina alimtandikia mkeka. Milembe hakula, kwa kuwa hakuwa na haja, na watoto walimzoea upesi, ila yule mdogo hakutaka kulala upande wa kushoto. Justina aliuliza mumewe yuko wapi, akaambiwa anangoja gari. Alikwenda ofisini mara tano kuomba kibali cha kuingia korongoni. Mara ya tano alionyeshwa daftari. Walioingia, kumi na wawili. Waliotoka, kumi na wawili.

Pamba yenyewe ilipimwa kwenye kituo cha ununuzi cha Nkoma mwaka 1974 ikawekwa daraja la pili. Magunia matatu. Yaligharimu mwanamke wa miaka sitini na saba, mkono wake wa kushoto, na mwanamume wa miaka arobaini na mmoja. Watoto wanne walibaki bila baba. Ekari mbili na nusu hazikupaliliwa mwaka aliokufa Jilala.