Onyo Jipya la Mashine ya Maziwa

Kompyuta inayoendesha tangi la kupoza maziwa hapa Mogogosiek ilikuwa na adabu sana. Kabla ya kuzima iliandika: "Onyo: hali isiyotarajiwa 7." Halafu kimya, na maziwa ya kijiji kizima yanachacha. Asante kwa taarifa.

Kamati ya ushirika wetu wa maziwa haikuhitaji kujua saba ni nini. Ilishaamua ni Muriuki, mhudumu wa tangi, analala kazini. Mashine ikizima tena, aende nyumbani. Jamaa ana watoto watatu na shamba hana, lakini nani atamsikiza mtu aliyeshtakiwa na kompyuta?

Mimi kazi yangu ni kurekebisha kiini cha kompyuta, ile programu ya ndani kabisa inayoamrisha zingine zote. Nyumbani wanasema sina kazi. Nikaomba ruhusa, nikafungua kiini cha ile mashine, nikamtafuta saba. Kumbe ni joto! Fundi fulani wa ng'ambo, Mungu ambariki, aliona neno joto ni refu mno. Nikaandika onyo upya, kwa Kiswahili, mtu asome aelewe.

Jumatatu ikataka kuzima tena, kamati nzima ikiwa imesimama mbele yake. Onyo likatokea: "Joto limezidi. Angalia kama kuna kitu kimeziba matundu ya hewa."

Tukaangalia. Kitu chenyewe kilikuwa kitambaa cha kufuma, cheupe, chenye maua, kazi ya Mama Rodah, mke wa mwenyekiti. Aliivalisha kompyuta siku ya kuizindua, na pasta akakiombea. Nani angethubutu kukivua? Mwenyekiti alikohoa. Katibu akakumbuka ana ng'ombe wa kunywesha.

Nilifurahi, jameni. Nilijua Muriuki ameponea.

Mwenyekiti akakitoa kitambaa taratibu, akakikunja vizuri, akauliza ni nani hukaa na mashine hii kutwa. Wote wakamgeukia Muriuki. Kwa hivyo, wakasema, alikiona kikiziba hewa, akanyamaza tu. Wakamfuta kazi kwa kauli moja, na safari hii walikuwa na sababu.

Nilibishana nao mpaka sauti ikakauka. Nilimkuta Muriuki nje akivua gambuti za kazi.

"Hukukosea, Chepchumba," akaniambia. "Lakini ile saba ilikuwa inaniachia nafasi ya kubishana."